Uzito wa Winda

Saa kumi na moja alfajiri mlango unagongwa.
Kadzo hanisalimu, ana haraka ya zamu;
kiwanda cha nguo hakimngoji mama,
geti likifungwa limefungwa, na siku imekatwa.
Ananipa Menza, bado ana joto la mgongo wake,
chupa ya uji, mawinda matatu, shilingi hamsini.
Arobaini leo. Kumi nitaleta kesho.
Na kesho ya Kadzo mimi naijua.

Hadi saa mbili nimepokea kumi na mmoja.
Chumba ni kimoja, hapa Chaani, nyuma ya maegesho ya malori,
dirisha la kiganja,
na juu yetu mabati.
Saa sita yanaanza kualika, ta, ta,
kama vidole vya mtu anayejiandaa kupigana.

Zamani joto la kaskazi lilikuwa na adabu:
lilipiga hodi, likakaa mchana,
usiku likatoka, tukalala.
Siku hizi linaingia Oktoba, halivui viatu,
na usiku halitoki.
Kuta zinakesha na homa.

Muuguzi Mwanasha aliniletea kipimajoto,
tukakitundika kwenye msumari wa kalenda.
Andika, akasema. Nikachukua daftari kuukuu la hesabu.
Jumatatu, saa saba, nyuzi thelathini na sita.
Jumanne, thelathini na saba.
Jumatano sikuandika.

Jumatano Menza alinyamaza.
Mtoto akilia nina kazi. Akinyamaza nina hofu.
Wenzake wamelala kwenye sakafu niliyoimwagia maji,
wametapakaa kama nguo zilizodondoka kambani.
Nikamshika winda.
Kavu. Tangu asubuhi kavu,
kavu kama kitambaa kilicho bado dukani.
Utosi umebonyea, kidole changu kikatua humo
kikaogopa kuondoka.

Nikakoroga pakiti ya chumvichumvi ya zahanati.
Kijiko. Ngoja. Kijiko. Ngoja.
Shee, wa miaka minne, akampepea kwa kifuniko cha sufuria
akihesabu kwa sauti: moja, mbili, nne, saba,
na mimi sikumsahihisha.
Mwanasha alikuwa njiani, simuni namsikia akihema.
Saa kumi kasoro, Menza alinikojolea,
mapajani, lesoni, hadi kwenye mkeka.
Nikapiga kigelegele peke yangu
chumba kizima kikaamka kikilia.

Nilimwomba Bwana Tsuma aniezekee makuti juu ya mabati.
Makuti ni moto, akasema.
Ni kweli. Na hiki tulichomo, nikamuuliza, ni nini?
Akatazama saa yake.

Basi nikatoa zamu yangu ya chama,
ile niliyoiwekea kitanda,
nikanunua chokaa.
Vijana wanaoosha malori walipanda kabla ya jua,
wakapaka mara mbili, wakanitobolea na dirisha la pili
ambalo mwenye nyumba hadi leo hajaliona.
Majirani wakacheka: Umazi anapaka nyumba poda!
Saa saba nikasoma msumarini: thelathini na tatu.
Nikasoma tena. Nikamwita Shee naye asome,
akasema, saba.

Najua masika itaiosha chokaa yote,
na masika ina deni lake: mtaro, mbu,
maji yanayobisha kizingitini usiku.
Nitapaka tena. Kitanda kitangoja, mkeka haujanikataa.

Daftari sasa lina safu mbili,
nyuzi upande huu, mawinda upande ule.
Jioni Kadzo anafika, nyuzi za kiwandani zimemganda nyweleni,
anauliza, Ameshindaje?
Simsomei hesabu.
Namwekea kiganjani winda lililolowa.
Analipima, juu, chini, kama sonara,
macho yake yanalegea, anacheka.

Ile kumi yangu bado hajaleta.